Sindano Mbili za Dokta Kweka

Dokta Estomihi Kweka aliiweka sindano ya kwanza kwenye sinia taratibu, kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku anayeatamia. Ya pili aliitupia kando yake huku akimpungia mkono mtu aliyekuwa nyuma ya kamba. Nakaaya Laizer, aliyesimama upande wa pili wa meza akiwa amevaa glovu zake, aliona yote mawili. Moyo wake ukaruka kwa furaha, na haikuwa furaha njema. Miaka minne alikuwa akiisubiri mikono ile ijisahau.

"Ya kulia ni ya farasi, ya kushoto ni ya mkono," alisema Kweka. "Habari za siku nyingi, Nakaaya?"

"Nzuri, Dokta. Za kwako?"

"Tunasukuma siku. Nilisikia umepewa meza hii. Hongera sana."

Hongera! Mtu aliyemzika kaka wa Nakaaya mara mbili, mara moja ardhini na mara ya pili kwenye karatasi, leo anampa hongera. Nakaaya alitabasamu, akaandika namba ya farasi kwenye daftari.

Ilikuwa saa mbili asubuhi kwenye nyanda za magharibi mwa Kilimanjaro, baridi ikiuma vidole, na farasi kumi na wanne wa Mbio za Nyanda walikuwa wakipiga kwato kwenye nyasi zenye umande. Kilomita themanini zilikuwa mbele yao. Lakini hakuna farasi aliyeruhusiwa kufika kwenye mstari kabla ya kupita kwenye Meza ya Kiapo, na tangu mwaka huu meza hiyo ilikuwa ya Nakaaya.

Kiapo chenyewe hakikuwa cha kitabu wala cha maneno. Kamati ilimpa kila mmiliki sindano mbili tupu zinazofanana, zenye bomba jeusi kwa sababu dawa hizi haziutaki mwanga. Mmiliki alizijaza zote kwa dawa ya kumwongezea farasi wake nguvu, kutoka chupa moja, akazileta mezani. Moja alichomwa farasi. Nyingine alichomwa yeye mwenyewe au mtu mzima wa nyumba yake, hadharani, dozi ileile bila kupunguzwa hata tone. Sheria ile ilitungwa kwa hasira, baada ya farasi na watu kufa, na watu wenye hasira hawakai chini kupima uzito wa farasi na uzito wa binadamu. Walitaka jambo moja tu: kama unasema ni salama, tuoneshe mkono wako.

Kupima kilichomo ndani ya bomba kulichukua siku tisa, nazo mbio hazikungoja siku tisa. Na farasi akishachomwa, baada ya siku mbili damu yake haikuwa na la kusimulia. Hivyo kila kitu kilisimama juu ya ule mkono ulio wazi. Kweka alikuwa ameunyoosha wake miaka mitatu mfululizo, akitabasamu kwenye kamera, na miaka yote mitatu Nakaaya aliapa moyoni kwamba kilichoingia mle kilikuwa maji ya chumvi. Hakuwa na ushahidi. Leo alikuwa na sinia.

*

Nakaaya alimjua Kweka kwa mikono kuliko kwa uso. Miaka sita alifanya kazi katika maabara yake, na neno alilolisikia kila siku kuliko salamu lilikuwa "usitikise". Dawa ya Kweka, aliyoiita Wepesi, ilisafirishwa ndani ya vitone vya mafuta vidogo mno. Ukiitikisa, vitone vinapasuka, vinashikana, dawa inaganda na inakuwa takataka. Kwa hiyo Kweka alitembea nayo polepole, akaiweka chini polepole, hata akiwa anagombana na mtu. Mikono ilishazoea. Isingeweza kuitupa Wepesi mezani, na isingeona sababu ya kuyabembeleza maji.

Kazi kubwa ya Nakaaya siku zile ilikuwa farasi jike mmoja, mzee, aliyekufa kifo chake. Walimgawa katika chupa thelathini na moja: misuli ya paja, ini, mapafu, ngozi, gegedu la goti, uboho, moyo, na kuendelea. Kaka yake Loishiye, mpanda farasi wa banda la Kweka, alikuja siku moja akazikuta chupa zimepangwa mstari.

"Sasa hapa unatafuta nini, dada? Farasi si ni yuleyule?"

"Ni yuleyule. Kila seli ya mwili wake ina jeni zilezile, kwato na jicho sawasawa."

"Kwa hiyo kwato na jicho vimesoma kitabu kimoja?"

"Kitabu kimoja, ila kila kimoja kimefungiwa kurasa zake. Wanaozifunga ni hawa wadogo, maikroRNA. Wananyamazisha jeni hii, wanaiacha ile iseme. Kila tishu ina kundi lake la wanyamazishaji. Ukinipa tone la tishu bila kuniambia limetoka wapi, nawasoma hao, nakutajia kama ni ini au ni paja."

Loishiye alicheka, akasema basi yeye tumboni kwake kuna ukurasa wa pilau ambao haujawahi kufungwa.

Wepesi ilikuwa mnyamazishaji wa kutengenezwa. Iliinyamazisha jeni inayozuia misuli isinenepe kupita kiasi, ili miguu ya farasi ipate nguvu. Na ili isifanye kazi mahali pengine, Kweka aliitegea mlinzi: iamke pale tu inapokutana na maikroRNA fulani ya misuli ya miguu, kama askari wa getini anayedai kitambulisho. Tatizo lilikuwa chupa ya kumi na saba. Chupa ya moyo nayo ilikuwa na kitambulisho kilekile, tena kwa wingi.

Nakaaya aliandika hivyo kwenye ripoti. Kweka aliisoma, akamwambia chupa ile ilichafuliwa na mtumishi asiyejua kazi, na ripoti ikatoka ikiwa na tishu thelathini. Nakaaya alinyamaza. Hili ndilo lililokuwa likimla usiku na mchana: alinyamaza kwa sababu yule alikuwa Dokta na yeye alikuwa msichana wa chupa. Na Loishiye alipomwuliza, mkono ukiwa kwenye shingo ya farasi wake, kama dawa ile mpya ilikuwa na neno, alimjibu kwa mdomo wake mwenyewe: "Dokta anasema ni salama."

Miezi miwili baadaye, kwenye mteremko wa kilomita ya sitini, moyo wa yule farasi ulisimama akiwa mbioni. Alianguka na Loishiye yuko chini yake.

Nakaaya ndiye aliyechukua damu ya farasi pale pale. Seli za moyo zinapokufa humwaga wanyamazishaji wao kwenye damu, na yeyote mwenye mashine angesoma neno moja tu: moyo. Ilihitaji kushikwa vizuri, basi. Kweka aliikuta ile chupa ya damu mkononi mwake, akamshika bega, akasema kwa upole, "Wewe kaa na kaka yako, mama. Nitaipeleka mwenyewe."

Ilipofika mezani kwa wapimaji, maji ya damu hayakuwa ya njano. Yalikuwa mekundu kama sharubati. Chembe nyekundu zote zilikuwa zimepasuka na kumwaga vya kwao, na sauti ya moyo ikazama humo. Damu inapasuka hivyo kwa sababu moja kubwa: imetikiswa, tena kwa nguvu. Mtu ambaye hakuwahi kutikisa hata chupa ya soda alikuwa ameitikisa hiyo moja.

Kamati iliandika kwamba sampuli haikufaa, na kwamba mpanda farasi alimkimbiza mnyama kupita uwezo wake. Jina la Loishiye lilifutwa kwenye ubao wa washindi. Mama yao mpaka leo hataki farasi apite karibu na boma.

*

Kwa hiyo Nakaaya aligeuza sinia.

Hakuna aliyeona, kwa sababu hapakuwa na cha kuona. Alilisogeza kupisha daftari, na lilipotulia, ya kulia ilikuwa kushoto. Akachukua ile iliyotupwa, akaenda kwa Kipupwe, farasi wa kijivu wa Kweka, akampapasa shingo na kumchoma. Kipupwe alitikisa sikio. "Wewe leo umepona," Nakaaya alimnong'oneza. "Utakimbia kwa miguu ya mama yako."

Alirudi mezani akiwa mwepesi kwa raha. Alikuwa amelipanga hili mara elfu. Hatamfanyia Kweka jambo lolote ambalo Kweka mwenyewe hajaapa kuwa halina madhara. Dozi ya mnyama wa kilo mia nne itaingia kwenye mkono wa mzee wa kilo sabini, na baada ya wiki chache kuta za moyo wake zitaanza kunenepa na kukakamaa, na siku moja atapanda ngazi asifike juu. Kisha wampasue, wasome chupa ya kumi na saba.

"Mkono!" aliita, kama kanuni ilivyotaka.

Kweka hakukunja shati. Aligeuka, akamshika mkono binti aliyevaa buti za kupandia, akamleta mbele ya kamera.

"Leo mkono ni wa mwanangu Haikael," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ametimiza miaka kumi na minane, na tangu leo banda ni lake. Yeye ndiye anayempanda Kipupwe. Ni haki yeye ndiye aape."

Watu walipiga makofi. Katika zile mara elfu, Nakaaya hakuwahi kumpanga binti.

"Shikamoo, dada Nakaaya," alisema Haikael, akikaa kwenye kiti na kuweka mkono mezani, upande wa ndani ukitazama juu. Akainama kidogo. "Hunikumbuki. Kaka Loishiye ndiye aliyenifundisha kupanda. Sikuwahi kukupa pole. Yale waliyoandika juu yake mimi sikuyaamini hata siku moja."

"Marahaba," alisema Nakaaya.

Sindano ilikuwa mkononi mwake tayari. Alipaka spiriti, akaona mshipa wa kijani chini ya ngozi, na hapo, tuseme ukweli, hakutaka kuuacha. Wazo lilimjia likiwa limenyooka na tamu: yeye alifiwa, basi na Kweka afiwe. Atamlilia mtoto kama mama alivyomlilia Loishiye. Hata Mungu angeona ni sawa. Ncha ya sindano ilikuwa umbali wa punje ya mchele kutoka kwenye ngozi ya yule msichana, naye Haikael akamtazama bila wasiwasi wowote, akauliza kwa ajili ya kuuliza tu:

"Haina neno, sivyo?"

Nakaaya alijua jibu lake. Alishawahi kulitoa, kwa mtu aliyemwamini vilevile.

"Ngoja," alisema. "Sindano hii imelegea."

Aligeukia droo nyuma yake. Humo mlikuwa na mabomba matupu ya kamati na chupa ya maji ya chumvi ya kusafishia vidonda. Alijaza maji hayo kwenye bomba jipya, na lile la Wepesi akaliingiza kwenye mfuko wa koti lake, taratibu, bila kulitikisa. Mikono yake nayo ilikuwa imefundishwa na Kweka.

Roho yake haikutulia hata kidogo. Kisasi hakikuwa kimemtoka, kilikuwa kimehama tu. Sasa alitaka kujua jambo moja, na alitaka binti alione.

"Dokta Kweka," aliita. "Sheria inamruhusu mzazi amchome mwanawe mwenyewe. Itapendeza kwenye kamera. Njoo."

Kweka alikuja akicheka. Nakaaya alimsogezea sinia, bomba jeusi likiwa peke yake katikati, na akasema kwa sauti ya kawaida, ya kutosha watu watatu:

"Ila nikuambie, nimegeuza sinia. Sindano zako, moja uliishika kama yai na nyingine uliitupa. Kipupwe nimemchoma uliyoitupa. Hii hapa ni ile ya yai."

Kicheko kilibaki usoni mwa Kweka bila mwenyewe. Aligeuza macho kwa farasi, kisha kwa bomba, kisha kwa mkono wa bintiye uliolala mezani.

"Umefanya nini, wewe?" alinong'ona. "Huo ni uhalifu. Nitaita kamati sasa hivi."

"Waite. Waambie nimegeuza sindano. Watakuuliza: si zote zimetoka chupa moja? Sasa amegeuza nini?"

Haikael alikuwa akiwatazama kwa zamu. "Baba? Anasema nini?"

Mwenyekiti wa kamati, Mama Mfinanga, mwanamke mfupi mwenye kofia ya sufu, alisogea kutoka kwenye hema lake. "Kuna tatizo hapo mezani? Farasi wengine wanapoa."

Ilikuwa nafasi ya Kweka. Nakaaya alimwombea, kweli alimwombea, ingawa alimchukia mpaka kwenye uboho. Sema ndiyo, kuna tatizo. Sema neno moja tu, jina lako life na mtoto abaki.

"Hakuna tatizo, Mama," alisema Kweka.

Akachukua sindano, kwa vidole viwili, taratibu.

"Baba, ni ipi hii?"

"Ni ileile, mama. Zote ni moja. Dozi moja haimuui mtu. Nyoosha mkono."

Haikael hakuunyoosha wala hakuuvuta. Aliuacha pale ulipokuwa, akimtazama babaye usoni muda wote, na Kweka akatazama mshipa tu. Ncha ikaingia. Kidole gumba kikashuka mpaka mwisho. Watu walipiga makofi tena, na drone ya kamera ikapita juu yao ikinguruma.

Nakaaya alidhani atashangilia. Badala yake alihisi hasira mpya kabisa, safi, isiyokuwa ya Loishiye peke yake. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa bomba la pili, akalinyanyua juu mahali ambapo hata waliokuwa nyuma ya kamba wangeliona.

"Mama Mfinanga! Binti huyu amechomwa maji ya chumvi. Nimebadilisha mimi. Sindano aliyoileta Dokta ni hii, na naomba ipimwe."

Kweka hakufikiri. Laiti angefikiri, angesimama kimya na kusubiri siku tisa, na katika siku tisa mtu kama yeye hupata njia. Lakini alirukia meza, sinia likaanguka, akampokonya Nakaaya lile bomba na kulitikisa. Alilitikisa kwa mkono mzima, mpaka kofia ikamdondoka, meno yakiwa nje, kama mtu anayezima kiberiti kinachomuunguza. Farasi wakashtuka. Kamera zote zilikuwa juu yake.

Hakuna aliyemshika. Alipochoka alisimama akihema, na ndipo akaona kimya kilichomzunguka.

"Nipe, Estomihi," alisema Mama Mfinanga, akanyoosha kiganja.

Alimpa. Alikuwa na uhakika kwamba ameshaiharibu. Mama Mfinanga alivua skafu yake nyeusi, akaitandaza mezani na kusukuma bomba juu yake. Yakatoka maji machache, halafu mabonge meupe, moja baada ya jingine, kama maziwa yaliyokatika.

"Maji ya chumvi hata uyatikise mpaka jioni ni maji," alisema Nakaaya. Alikuwa akilia na hakujali. "Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Na ile damu ya farasi wa Loishiye, mkumbuke ilikuwa na rangi gani."

Mama Mfinanga alikunja skafu juu ya mabonge. "Na wewe utajibu, Nakaaya," alisema. "Umeichezea meza ya kiapo."

"Nitajibu."

Haikael alikuwa bado kwenye kiti, pamba ameibana kwenye mkono kwa kidole gumba. Alisimama polepole.

"Baba," alisema. "Aliposema ni maji, hata hukunitazama. Ulikimbilia sindano."

"Mama, nisikilize—"

"Dada Nakaaya. Yeye alijua kwamba ananichoma maji?"

Nakaaya angeweza kumdanganya kwa huruma. Alimpa ukweli, na hakuwa na hakika kama alimpa kwa wema au kwa ubaya. "Hakujua," alisema.

Msichana aliitupa pamba. Alikwenda kwa Kipupwe, akafungua mkanda wa tandiko, akalivuta tandiko zima na kuliacha kwenye nyasi. Halafu alishika hatamu na kumwongoza farasi wake kuelekea mlima, mbali na mstari, mbali na hema, wote wawili wakitembea bila haraka.

"Haikael!" aliita Kweka. "Mama! Haikael!"

Hakugeuka. Watu walimpisha njia. Kweka aliita tena, na tena, na kila mara sauti yake ilipanda juu zaidi na kupasuka, na yule msichana aliendelea kuwa mdogo kwenye nyasi. Nakaaya alivua glovu, akasikiliza. Alikuwa amengoja miaka minne kusikia hivyo, na hakuficha nafsini mwake kwamba ilimridhisha. Aliujua mwito ule. Kwenye mteremko wa kilomita ya sitini aliwahi kuita jina moja hivyohivyo, mpaka koo likakauka.